Springi Hubadilishwa Mbili Mbili

Khainza aliingia chini ya Mustangi ya baba,
tochi mdomoni, mkononi futi ya fundi cherehani,
akatoka na neno moja: "Imelala."
Upande wa kushoto, kidole gumba kizima.

Sikushangaa. Usukani wa gari hili uko kushoto.
Mmarekani mmoja wa misheni alilileta Mbale
akaliacha deni lilipombana,
na baba, karani wa mizani kwenye ghala la kahawa,
kilo mia na ushee kabla ya chakula cha mchana,
alikalia upande huo miaka thelathini na mmoja.
Chuma nacho kina mgongo.

"Chagua," akasema Khainza,
akijifuta grisi kwa gazeti la juzi.

Nikachagua usiku, kwa simu, kitandani,
kama mtu anayeposa kwa picha.
Mikono ya bomba, myeusi, inang'aa.
Shokapu zimevishwa springi nyekundu,
gari limeinamisha pua kama chui kabla hajaruka.
Bei: ng'ombe wawili,
na ndama wa forodha pale Malaba.
Nikajiona nashuka Barabara ya Naboa polepole,
vijana wa bodaboda wamenyamaza.

Asubuhi Khainza akasoma maelezo hadi chini kabisa,
mahali ambapo mimi sikufika.
"Hizi zinataka nikate minara."

Minara ni yale mabega ya bati kando ya injini,
springi inakoegemea kichwa.
Mnara wa kushoto una ufa. Baba aliuziba kwa rangi.
"Ufa naweza kuuchomelea," akasema,
"nikikata, sirudishi.
Na gari lenyewe linakwenda wapi?"

Linakwenda wapi!
Linakwenda Budadiri kwa shangazi, Jumapili.
Lami, halafu udongo mwekundu
ambao mvua ikishashuka mlimani
hauulizi gari ni la nani.
Na matuta. Nani aliyejenga yale matuta,
na alikuwa amekasirishwa na nani?

Mchuuzi akapiga simu kutoka Kisekka:
ana boljointi ya Haiesi, inaingia, bosi,
ukiipiga msasa kidogo.
"Hata mimi nikipigwa msasa kidogo
naingia kwenye gauni la dada yangu," Khainza akamjibu.
"Kutembea ndiyo kazi."

Akazipanga bushi juu ya gunia.
Ya manjano, plastiki ngumu:
"Hii haifi. Lakini italia kama kitanda cha gesti,
na kila kokoto utalisikia kwenye meno."
Akabonyeza ile nyeusi, ya mpira, ikabonyea.
"Hii itakufa. Itakufa kwa niaba yako."

Nikachukua ya mpira.
Nikachukua boljointi za umbo lake lenyewe,
shokapu ya gesi isiyo kali,
springi za kimo cha zamani. Chui akabaki kwenye simu.
Nikajaribu ujanja wa mwisho:
ya kulia ni nzima, tubadilishe ya kushoto tu?
Hakunijibu. Alitoa zote mbili,
akazisimamisha sakafuni bega kwa bega,
moja fupi, moja ndefu,
akaniacha niziangalie.

Jumapili gari lilisimama sawa kama meza.
Mama alilizunguka mara mbili, akagusa bati,
akasema limekuwa refu,
kisha akaketi kulia, mahali pake.

Karibu na Sironko lori la kabichi likatuziba.
Kutoka kushoto sioni kitu ila kabichi.
Nikakanyaga breki, pua haikuzama,
na mama, bila kuulizwa, akatoa kichwa dirishani,
kitambaa kikipeperuka,
kama alivyomfanyia mwenzake miaka yote ile.

"Bado," akasema.

Ukapita mkokoteni. Ukapita mwendo mrefu wa vumbi.

"Bado, baba Wepukhulu."

Wepukhulu ni mimi.
Sikumsahihisha. Nilishika gia ya pili
nikasubiri aseme sasa.