Mizani ya Ngarenaro

Picha ilikuwa moja, imepigwa kwa mbele:
sahani ya shaba inang'aa kama imelambwa,
mshale umetulia kwenye sufuri.
Chini yake: "Mizani imara. Haijawahi kuguswa na fundi.
Mnada unafungwa saa nne usiku. Mzingo utafika salama."
Muuzaji: Mwaminifu wa Ngarenaro.
Nyota tano. Nilizihesabu mara mbili.

Saa nne kasoro dakika tatu nilikuwa elfu sitini na tano.
Mtu asiye na sura akapanda sabini.
Nikapanda. Akapanda.
Ndeshi akasema, Mama, acha,
lakini kidole kilishakuwa na akili yake.
Tisini na mbili. "Hongera, umeshinda."
Nimeshinda nini, na mlipaji ni mimi?

Mzigo ulishuka stendi ya Moshi na basi la asubuhi.
Nikaubeba hadi Mbuyuni, kwenye meza yangu ya maharage.
Mlima ulikuwa umejifunika hadi shingoni,
kama shahidi asiyetaka kuitwa.

Nikaweka pakiti ya sukari, kilo isiyo na ubishi.
Mshale ukaipita kilo, ukasimama
gramu themanini mbele.
Nikaazima jiwe la Anaeli muuza dagaa.
Themanini. Uongo wenye msimamo.
Nikafungua mgongo: chini ya rangi mpya, kutu;
springi imeungwa kwa waya wa baiskeli.
Kweli, fundi hakuigusa.
Aliyeigusa si fundi.

Nikamwandikia. Tiki mbili. Zikawa za bluu.
Siku tatu kimya, kisha simu, sauti laini kama mtindi:
"Dada, wewe unanunua au unauza?"
Nauza.
"Sasa unalia nini? Kila kilo inakupa themanini.
Nilitakiwa nikuuzie ghali zaidi."
Akacheka,
na kile kicheko ndicho kitu pekee cha kweli alichoniuzia.

Usiku nikapiga hesabu, sitaficha.
Kilo arobaini kwa siku.
Siku kumi na moja, pesa yangu imerudi;
ya kumi na mbili, naanza karo ya Ndeshi.
Mshale hauna mdomo.

Asubuhi akaja Bibi Aikaruwa wa Njoro,
nusu kilo ya soya, kama kawaida,
sarafu anazipanga mezani mojamoja
kama anaziaga.
Mshale ukafika nusu. Mkono wangu ukakaa hewani.
Gramu arobaini ni kama maharage mia moja:
nilikuwa nimeyahesabu usiku, mojamoja, nami.
Nikachota konzi, nikaongeza.
"Umekosea, mwanangu?"
Nikasema, ndiyo.

Jioni nikamwandikia maoni yake:

*Mizani ina kipimo, nami ninacho rohoni;*
*Umeniuzia shimo, ukaliita mizani;*
*Gramu themanini zimo, si zangu, si za dukani;*
*Uongo una kikomo, utapimwa hadharani.*

Ndeshi akasema maoni hayaandikwi hivyo.
Nikamwambia, kanipunja kwa mizani,
mwache nimlipe kwa mizani.

Yalikaa saa sita, yakafutwa. Naye akafutika.
Wiki ya pili Ndeshi akanionyesha simu:
Mkweli wa Sakina, nyota tano,
picha ileile, shaba ileile,
ingawa mizani yenyewe iko miguuni pangu.
"Mzingo utafika salama."
Na yule asiye na sura, anayempandishia bei mtu mwingine,
ameandika pale chini: "Mzingo wangu niwekee."
Simu mbili, mkono mmoja, kosa moja.

Mezani nina mizani ya kuazima.
Ile nyingine sijaitupa, na nikiulizwa kwa nini sijibu.
Siku nyingine, mvua ya Aprili ikifukuza wateja,
mguu wangu unaigusa chini ya meza,
nauondoa polepole,
kama mtu aliyekumbuka kuna mbwa amelala.