Hodi kwa Chaneli ya Sita

Keko, saa nane usiku, umeme umekatika.
Jenereta limekohoa mara mbili, likakubali,
na kengele ya friji la sita ikaanza kulia
kama ilivyolia Jumanne,
kama ilivyolia mwezi wa Ramadhani
tulipotupa chupa mia mbili na arobaini za chanjo,
tukatia saini, tukanawa mikono.

Eliapenda amesimama na kipimajoto cha zebaki,
kile cha kioo, anachokitunza ndani ya soksi.
"Siwatu, humu ndani ni nne. Nne kavu."
Skrini inasema tisa.
Mmoja wao anasema uongo,
na zebaki haina sababu.

Tumebadilisha mpira wa mlango. Tumebadilisha kihisi.
Fundi wa Tandika alichukua laki na nusu, akasema gesi.
Leo nimeazima oskiloskopu Gerezani,
kwa sharti irudi kabla duka halijafunguliwa,
nikaigusisha ncha yake pale chipu inapotolea sauti:
mlango mmoja, vyumba kumi na sita,
kila kimoja kinaitwa kwa zamu
na kupewa kitambo cha kusema.

Nikaona.
Mstari unatoka juu, chaneli ya tano,
bomba la moshi la jenereta, digrii mia tano,
unateremka kuielekea nne ya friji,
mbio mwanzoni, kisha polepole, kisha polepole zaidi,
kila hatua ikikata theluthi mbili za njia iliyosalia,
na kabla haujafika, kompyuta inasoma.
Tisa.
Ilipiga hodi ikaingia humo kwa humo,
haikungoja karibu.

Friji halikupata joto. Lilisingiziwa la jirani.

Na nani aliyeiweka kapasita ile koridoni, nyuma ya chipu,
ili kompresa zisitie kelele kwenye namba?
Mkono huu.
Nilitaka utulivu, nikanunua kumbukumbu.
Ni kikombe cha muuza kahawa pale Msimbazi:
kisiposuuzwa
unakunywa tangawizi ya aliyekutangulia.

Mtu atasema, ngoja. Subira.
Ningengoja, lakini vyumba ni kumi na sita
na mkataba unataka vyote visomwe mara ishirini kila sekunde.
Subira nayo ina bei, na bajeti yangu
ni milisekunde tatu na kidogo.

Saa kumi nikaing'oa, risasi ikifuka puani.
Kila chumba nikakipa mtungi wake mdogo
mlangoni kwake, kabla ya chipu, na bafa ya kusukuma,
maana rezista ya elfu sitini na nane
ilikuwa kama mzee peke yake na mkokoteni wa saruji.
Koridoni nikaacha peupe.
Zamu nikazipanga upya: moshi, mafuta, maji ya rejeta
wakae wao kwa wao,
mafriji upande wa pili,
na katikati chaneli moja iliyofungwa ardhini,
isiyo na la kusema,
pa kusuuzia kikombe.

Mstari sasa unashuka wima, unalala.
Nne. Zebaki: nne.
Haufiki, kusema kweli. Hakuna mstari unaofika,
hukaribia tu,
na kazi ya fundi ni kuamua
ukaribu upi unatosha.

Eliapenda hakupiga makofi.
Alikuwa anakunja kipimajoto ndani ya soksi,
taratibu, kama anamvisha mtoto.
"Zile chupa," akasema.
"Najua."
"Mia mbili na arobaini."
"Najua, Eliapenda!"
Sauti yangu ikagonga mabati, ikarudi.

Simu ikaita. Mbagala. Mama, na adhana ya alfajiri nyuma yake.
"Siwatu?"
Mdomo ulikuwa umeshafunguka,
na ndani yake bado mlikuwa na moto wa lile neno.
Nikaufunga.
Nikatazama sakafu, saruji, maji ya friji yaliyotuama.
"Siwatu, unanisikia?"

Abee, mama.