Siku Mbili Zaidi

Saa kumi na mbili na nusu, Ihumwa.
Baridi ya Julai bado imeshika usukani.
Nawagawia kofia ngumu, nabonyeza breki moja moja,
nasema nilichosema Jumamosi iliyopita:
mchanga ukizidi msipigane nao,
shukeni, sukumeni,
hakuna atakayewacheka isipokuwa mbuzi.

Maharusi wa Mbeya wamevaa fulana za sare.
Daktari wa meno, Rutaihwa,
ana gia ishirini na moja, anatumia moja.
Bi Ndeshi, mkaguzi wa hesabu mstaafu,
alijifunza baiskeli akiwa na miaka hamsini na nne,
usiku, uwanjani shuleni, watoto wasimwone.
Wawili wengine nimesahau majina. Wanisamehe.

Lami inakatika
kama sentensi ya mtu aliyekumbuka jambo jingine.
Vumbi jekundu, kisha jeupe, kisha jekundu.
Upepo wa huku hauna adabu:
ukienda unakusukuma kifuani,
ukirudi umegeuka, kifuani tena.
Mabua ya uwele yamesimama
kama watu walioambiwa wasubiri kidogo.
"Mbukwenyi!" wanatusalimu akina mama wenye madumu.
Bi Ndeshi anajibu kwa Kichaga,
na inapokelewa hivyo hivyo.

Kilomita ya kumi na moja: psss.
Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya magunia.
Daktari anaung'oa kwa vidole viwili,
anaukagua mzizi kwa mazoea.
Napiga msasa, napaka solusheni,
bibi harusi ananihesabia hadi mia.

Halafu Hombolo, na kijani,
bila ukame kuagwa.
Mizabibu imenyoosha mikono kwenye waya.
Nimekulia humu.
Nilisomeshwa kwa ndoo:
ndoo moja ya zabibu, madaftari mawili,
ndoo kumi, viatu.
Mwaka ule wanunuzi hawakuja
tulikula zabibu asubuhi, tukala mchana,
hadi mbuzi wakazikataa.
Kwa hiyo mvinyo mimi sinywi. Nauonyesha njia tu.

Chini ya bati, Chibago anamimina
kidogo kidogo, kama dawa ya kikohozi.
Zungusha. Nusa. Uache ukae ulimini.
Ndoo ya kutemea ile pale.
Bibi harusi anasema ukwaju.
Mumewe, baada ya kufikiri sana, ukwaju.
Daktari anausifu ukali wake na kuyahurumia meno.
Bi Ndeshi peke yake ndiye anayetema,
anafuta mdomo, anaandika.

Shangazi Mwaja anapita na mkasi wa kupogolea,
amefuata vitunguu nilivyomletea kutoka mjini.
Miaka kumi na tisa safu ya saba hadi ya ishirini ni zake,
na hakuna aliyewahi kumwekea glasi.
Chibago, kwa utani, anamwekea.

Hazungushi.
Anakunywa kama anayeonja chumvi ya mlenda jikoni.
Anatazama nje, kwenye safu.
"Hizi zilichelewa siku mbili."
Chibago anacheka.
"Mwanzoni tamu mno, kisha inachoka.
Lori lilikwama korongoni. Tuliwaambia.
Siku mbili nzima nilishinda nazo nafukuza ndege."

Chibago amenyamaza, anafungua daftari la mapipa,
kidole kinashuka: Machi, kumi na nne…
kinasimama kwenye kumi na sita.
Bi Ndeshi anakata mstari juu ya alichoandika.
"Rudia, mama," anasema, "polepole."
Lakini Shangazi ameshachukua vitunguu vyake,
amefuta ukingo wa glasi kwa upindo wa khanga,
anaulizia chenji.

Mlikuwa na funda limebaki.
Nililimeza kwa siri, nyuma ya mapipa.
Siku mbili sikuziona.
Niliona zabibu, na kwa mbali
ladha ya mshikio wa ndoo mkononi.

Wengine walirudi na kirikuu, baiskeli zimelala nyuma.
Bi Ndeshi alikataa kupanda.
Tukaondoka wawili, yeye mbele,
na upepo, kama nilivyosema,
ulikuwa umeshageuka.