Izi na Wasi

Kidato cha Kwanza B, Gungu, saa tatu kasoro,
wanafunzi sabini na nane, madawati arobaini na moja,
na chaki inayokatika kabla ya nukta.

Nimeandika ubaoni vitu viwili vidogo:
kitenzi cha aliyepo, kitenzi cha aliyekuwapo.
"Izi," nasema. "Izi," wanaitikia.
Nyandwi anacheka: kwao Heru Juu izi ni hizi,
ng'ombe hizi, siku hizi.
"Wasi," nasema. Najua si wasi, lakini ulimi wangu nao
ulizaliwa Kibondo, haukuzaliwa redioni.
Na kutoka dirisha la nyuma Songoro wa Ujiji anaumalizia:
"Wasi-wasi!"
Darasa linaanguka kicheko. Nami naanguka nalo.

Yupo Masunga, aliyefuata ng'ombe wa baba yake
kutoka Geita hadi Uvinza hadi kwetu:
ana Kisukuma cha nyumbani, Kiha cha malishoni,
Kiswahili cha sokoni, na sasa hiki cha mtihani.
Anaandika habari za mama yake, kisha anamfanya mwanamume,
kwa sababu kwetu sote yeye ni yeye
na hakuna aliyewahi kutuuliza zaidi.
Wino wangu mwekundu umewarudisha akina mama wengi wiki hii.

Usiku nasahihisha kwa taa ya sola,
dagaa wanakaangwa mlango wa pili.
Daftari la sitini na tatu: Asukulu Lwaboshi.
Baba yangu ni fundi cherehani, ameandika kwa lugha ya wenyewe,
kaacha kile kijiherufi kimoja kinachomtangulia fundi.
Nikakiweka. Kazi yangu ni hiyo.
Kisha kalamu ikasimama juu ya izi.

Maana habari za baba huyo ninazo.
Alipanda boti Kibirizi, katikati ya saruji na magodoro,
akavuka kwenda Baraka kumzika dada yake,
na barabara za huko zikafunga midomo.
Mwaka wa tatu huu.
Ruhaga wa Hesabu aliniambia, chai ikipoa mkononi:
"Wakati uliopita, dada. Weka wasi. Mtihani hauna huruma."
Lakini Jumapili, nilipopita kwao kudai mchango wa uji,
nilimkuta mama mtu anakipaka cherehani mafuta.
Akazungusha gurudumu mara tatu, bila uzi,
akakifunika kwa kitenge, akanawa mikono.
Hakusema kitu. Alinipa kiti.
Mchango sikuutaja.

Sikuweka wasi. Wala vema sikuweka.
Niliweka nukta pembeni, ndogo,
kama mtu anayepiga hodi na kidole kimoja.

Asubuhi Asukulu akaniuliza, kwa Kiswahili, na sikumkemea:
"Mwalimu, huku kwenye Kiingereza
mtu anayesubiriwa anakaa wakati gani?"

Nikageukia ubao, nikaona weusi tu.
Sisi tuna ja.
Silabi moja, nyembamba kama ufa wa mlango.
Hakurudi: umekomea.
Hajarudi: chakula kinafunikwa kwa sahani.
Wao la kwao wameliweka mbali, mwisho kabisa wa sentensi;
unapita maneno yote ndipo unalikuta
limekaa peke yake juu ya mzigo
kama abiria wa mwisho pale Kibirizi.

"Yeti," nikasema.
"Yeti," wakasema sabini na nane
(sabini na saba, Nyandwi nilimtuma chaki)
na Songoro hakupata la kuongeza.

Asukulu aliandika sentensi yake upya, polepole,
ikafika ukingo wa karatasi,
neno lile likakosa nafasi.
Akalishusha mstari wa chini.
Likakaa pale,
na mbele yake mstari mzima, mtupu.