Dakika Nne

Upepo wa Julai uliangusha uzio wa kusini,
nguzo kumi na moja chini, waya ukajikunja thelujini
kama mtego ambao hakuna aliyeutega.
Tizón alimwona kondoo; waya hakuuona.
Tizón: kijinga cha moto, ndiyo maana ya jina lake,
ingawa kijinga hajafanya kitu maishani
ila siku hiyo moja.

Daktari Zdenka aliendesha mwendo wa saa tatu kutoka Punta Arenas,
akanyoa manyoya, akaosha, akashona alipoweza.
Kwingine paja lilibaki wazi, halina ngozi ya kuvutia.
"Hapa patajifunga penyewe, kutoka chini kwenda juu."
Akaniachia vidonge, shashi, kola ya plastiki,
na mwisho, kutoka ndani ya soksi, taa
ndogo kama tochi ya mlinzi, mwanga wake mwekundu.
"Dakika nne, kila jioni. Isimguse. Macho yake yafunike.
Na usinielewe vibaya, Eleuterio:
taa ni msaidizi, si mganga.
Ukiona usaha, ukisikia uvundo,
nipigie simu, usiniwashie taa."

Nyumba hii ina sheria ya marehemu baba:
mbwa wa kazi halali ndani.
Niliivunja kwa mguu, nikisukuma zulia karibu na jiko.
Mbwa mwenyewe akasimama kizingitini,
kola imemkaa kama bakuli la supu,
ananitazama: una hakika?

Jioni ya kwanza nikamziba macho kwa kofia yangu ya sufu.
Mimi ni mkata manyoya. Miaka arobaini:
kondoo mmoja, dakika tatu, anayefuata.
Mkono wangu haujui kusimama.
Doa jekundu likateleza kwenye paja, likaruka ukutani,
likapanda kalenda, likarudi.
Dakika nne ni ndefu kuliko nilivyodhani.
Mtu hukumbuka mengi humo,
mengine hakuyaita.

Umeme wetu unatoka kwenye pangaboi juu ya banda.
Upepo ukivuma, betri hujaa; ukilala, tunawasha mishumaa.
Kwa hiyo ni upepo ule ule
uliong'oa nguzo, ukalaza waya, ukampasua mbwa,
ndio unaoilisha taa hii.
Nilitaka kuukasirikia.
Sikupata pa kuanzia.

Siku ya sita: wekundu, unyevu,
nyama ya chembechembe kama mayai ya samaki.
Siku ya tisa kola ilichomoka usiku, akalamba mpaka asubuhi,
tukarudi nyuma siku tatu.
Siku ya kumi na nne ukingo umesogea, upana wa ukucha.
Haba na haba. Kibaba hakijajaa,
lakini chini yake haionekani tena.

Nolberto alikuja kuazima shoka, akatukuta, akacheka:
"Unambanika?"
Sikumjibu. Sijui kama ni taa,
ni vidonge, ni maji ya chumvi, ni joto la jiko,
au ni mwili tu unaoijua njia ya kwao.
Zdenka, nilipomuuliza, alisema "huenda,"
nami nikamwamini zaidi kwa neno hilo.

Septemba taa ilirudi mjini ndani ya soksi yake.
Manyoya yameota meupe juu ya kovu,
kipande cha theluji kilichosahau kuyeyuka.
Tizón yuko malishoni;
akikumbuka anachechemea, akisahau anakimbia.

Ila ikifika saa kumi na mbili jioni
huja, huivuka sheria ya baba bila kuitazama,
hujilaza kwenye zulia, paja juu,
macho anayafumba mwenyewe.

Sina taa.
Napasha kiganja motoni, nakishusha karibu, bila kumgusa,
nahesabu hadi mia mbili na arobaini.
Mara nyingine napitiliza.