Bua la Kabichi

Nyumba ya Iyumbu tuliikuta na oveni.
Mwaka mzima tukaifanya kabati:
sufuria, mifuniko, mwiko uliovunjika shingo.
Nani athubutu kuiwasha
na mita ya LUKU inalia kama kifaranga?

Leo sufuria zote nimezitoa sakafuni.
Baba anakuja na basi la Hombolo,
na sokoni Majengo nimenunua kabichi moja,
nzito, imekaza ngumi,
imelala kwenye lori usiku kucha kutoka Iringa,
vumbi la njiani limo kwenye mishipa ya majani.

Baba yangu, Ndahani Masima,
alipika kabichi miaka ishirini na saba
kwenye shule ya bweni, njia ya Kondoa.
Pipa la maji, kabichi thelathini, chumvi kwa kopo,
na mafuta, matone mawili matatu,
yakielea juu kama wageni wasiojuana.
Wanafunzi waliiita Bwawa la Mtera.
Mimi waliniita Binti Bwawa.
Nilicheka nao.
Usiku nikageukia ukutani,
shuka yangu ikinuka moshi wa jikoni kwake.

Ila hili sikuwaambia:
Jumamosi, nyuma ya jiko,
alinikatia bua, lile gumu la katikati,
akalimenya mpaka likawa jeupe kama chaki,
akalichovya kwenye chumvi.
"Tafuna, Sechelela. Utamu umejificha huku."

Kwa hiyo leo bua silitupi.
Nakata kabichi vipande sita,
kila kimoja kimeshikwa na bua lake
kama daftari na uzi wake.
Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa Kibaigwa,
mazito, bado yana harufu ya shamba;
chumvi; kitunguu saumu cha kuponda;
pilipili kidogo, maana Baba hupenda chakula kinachomjibu.
Nyuzi mia mbili na ishirini.
Nafunga mlango, nachungulia kioo kama mwizi.

Nyumba ikaanza kunukia,
kwanza kama shamba linalochomwa, nikaogopa,
kisha kama karanga kikaangoni,
kisha kama kitu ambacho sina jina lake.
Kingo zikawa nyeusi, zinakwaruza.
Ndani majani yamelegea,
moja limemlalia mwenzake, yanang'aa.

"Umeiunguza," Baba alisema akiwa bado mlangoni,
vumbi jekundu kwenye kope.
Akanawa. Akamega ugali wa uwele,
akatafuna taratibu, kichwa kimeinama upande
kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Nilingoja aseme neno kubwa.
Akauliza: "Dakika ngapi?"
"Arobaini."
Akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye mafuta:
watoto mia sita,
vipande mia sita,
treya mia moja, oveni moja,
akacheka mpaka akakohoa.
"Wa mwisho angekula akiwa na mvi.
Nami ningekuwa napika mpaka leo."

Halafu akanyamaza.
"Yale maji," akasema, "tulikuwa tunayamwaga kwenye mtaro.
Nguruwe wa mwalimu mkuu walinenepa sana."

Mita ikalia. Sikuinuka.
Alikuwa amefika kwenye bua.
Limelainika, lina rangi ya chai ya maziwa.
Akalikata kwa ncha ya kisu, mara mbili,
kipande kidogo akakiweka kwake,
kikubwa akakisukuma na kidole
mpaka upande wangu wa sahani.