Baridi ya Makambako

Juni, Makambako, upepo hauna adabu:
unaingia bila hodi, unalala miguuni.
Siku ile nilijikunja juu ya gunia la viazi,
magoti kidevuni.

Zahanati walisema: kawaida.
Shangazi Otilia alisema: ukizaa itaisha.
Zamani, shuleni, mwalimu wa zamu aliandika: mvivu.
Miaka kumi na mitatu nimelibeba hilo "kawaida"
kama mzigo wa kuni mbichi.

Ndipo Tusajigwe wa mgahawani akanivuta mkono
hadi nyuma ya stesheni, kwa Bi Shufen,
kwenye bati la bluu na harufu ya moshi
kama shamba linalochomwa ng'ambo ya kilima.

Hakuuliza panauma wapi.
Aliweka vidole vitatu juu ya mshipa wangu, akanyamaza
kama mtoto aliyelaza sikio juu ya reli.
Toa ulimi.
Damu rangi gani? Mabonge yapo?
Hakuna aliyewahi kuniuliza rangi.
Nikaiambia sakafu: nyeusi,
kama zambarau zilizopitiliza.

"Baridi," akasema, Kiswahili chake kikikatika,
"imeingia tumbo, imekaa. Damu taka pita, njia hakuna."
Akaonyesha dirishani: mabehewa ya mizigo
yamesimama tangu juzi, na nyuma yake mengine.
"Ile pia, inauma."

Nikacheka. Kucheka nako kukauma.

Nikamkumbuka bibi, Mbena wa Lupembe:
siku zako usikanyage umande,
usioshe viazi mtoni.
Nilimwita mshamba.
Bibi hakujua China iko upande gani.

Bi Shufen akawasha kijiti cha majani makavu,
akakizungusha karibu na kitovu bila kugusa.
Tangawizi, akasema. Mdalasini. Soksi!
Na nenda Ilembula, wakupige picha ya tumbo;
vidole vyangu havioni kila kitu.

Sisemi nimepona.
Julai yalikuja siku moja badala ya tatu.
Agosti yakanikumbusha mwenye nyumba ni nani.

Jana usiku Editruda, binti wa dada,
alijikunja ukutani, akang'ata kona ya kanga.
Neno lile lilifika mdomoni. Nikalimeza.
Nikabandika maji, nikamvisha soksi zangu,
kisha nikamuuliza, polepole, rangi gani.

Alikuwa bado hajajibu
treni ilipopita, ndefu,
vikombe vikitetema kabatini.